Vanishi Juu ya Gitaa la Baba

Nilikwenda kumpa shangazi mkono wa Idd, nikakuta gitaa la marehemu baba yangu limetundikwa ukutani juu ya televisheni. Linang'aa kama kochi la dukani. Kwenye tundu lake, pale sauti inapotokea, yamechomekwa maua ya plastiki, mekundu. Nimejaribu kuyaeleza mambo haya kwa kuanzia mwanzo kama watu wastaarabu, nimeshindwa. Kila mara narudi kwenye yale maua.

Sijapoa mpaka leo. Pale sokoni wananiambia niachilie, ni mbao tu ile, na aliyekufa keshakufa. Wanaoniambia hivyo ndio haohao ambao ukigusa sufuria ya marehemu mama yao wanakupeleka kwa mtendaji wa kata. Kwa hiyo waniache niseme yangu.

Mimi nauza viungo sokoni Morogoro mjini. Iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu, vingi vinashuka kutoka kwetu Kinole, huko milimani nilikozaliwa. Jumamosi baada ya swala ya alasiri naifunika meza yangu turubai, namwomba jirani anitazamie, nakwenda nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, babu zake walikuja mji huu zamani hata mwenyewe hajui lini, na kwa matusi ya kistaarabu ya Kiswahili sijaona wa kumshinda. Uani kwake, katikati ya mabomba na mabati, anatandika mkeka mkubwa. Hapo tunakutana watu wanne wenye ugonjwa mmoja: yeye, mimi, mwalimu mmoja mwanamke anayefundisha chuo kule Mzumbe, na mkulima wa mpunga anayetoka Dakawa na gitaa lake ndani ya kiroba cha mchele.

Ugonjwa wetu ni gitaa kavu, lile lisilo na waya wa umeme wala spika. Tunaweza kukaa mpaka jua linazama tukibishana habari ya nyuzi peke yake, zipi zinakaa na zipi zinalegea mara tu zikionja joto. Mkulima anaapa kwamba uzi wa tatu uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli unaimba vizuri kuliko wa dukani. Mwalimu anasema huo si uzi, ni ukatili kwa vidole. Mwenye duka anasema wote wawili hawajui kitu, tatizo ni gitaa la mkulima lenyewe, maana ubavuni lilipasuka likazibwa kwa ubao wa kreti la nyanya. Mkulima hakasiriki. Anasema nyanya zenyewe zilikuwa nzuri.

Na watu wanatucheka. Wanapita nyuma pale kuchukua mabomba yao, wanatukuta, wanauliza tutanunua lini spika. Spika. Mji huu kila harusi ni spika, kila duka la simu ni spika, mtu anakwenda kununua dawa ya mbu anapigiwa muziki mpaka meno yanacheza, halafu watu wanne waliotulia na magitaa yao ndio wanaoonekana hawana akili. Mimi wananiongezea na la kwangu peke yangu: mwanamke wa Kiislamu, mtu mzima, na gitaa mapajani. Huwa nawajibu kwamba mikono hii ndiyo inayowapimia iliki. Kama ni haramu, basi na pilau wasile.

Tuna sheria moja pale mkekani, na bila hiyo hutaelewa kilichonipata. Ukifika unalaza gitaa lako katikati ya mkeka, na hulishiki tena mpaka wakati wa kuondoka. Unapiga la mwenzako. Ilianza kwa sababu gitaa la mwenye duka ni zuri mno, kaka yake alimletea kutoka ng'ambo, na siku moja mwalimu akasema ni dhuluma mtu mmoja afaidi sauti ile peke yake wakati mwenzake anakata vidole kwenye waya wa breki. Mwenye duka akasema haya, chukueni, nipeni mimi huo waya. Tokea hapo ikawa ndiyo sheria. Gitaa lako unalisikiliza ukiwa umekaa mbele yake, linapigwa na mwingine, na wewe mwenye nalo ndiye mtu pekee pale uani asiyeruhusiwa kuligusa. Na asiyeleta gitaa hapigi. Atakunywa chai ya tangawizi, atasikiliza, basi.

Mimi nilikuwa naleta gitaa la baba.

Baba alipiga dansi hapa mjini enzi za ujana wake, wakati ambao Morogoro ilikuwa ukiitaja watu wanakumbuka magitaa. Bendi yao ilipovunjika alirudi Kinole kulima ndizi na mananasi, na gitaa akapanda nalo mlima. Lilikuwa dogo kiasi, rangi yake kama chai ya rangi. Chini ya tundu, upande wa nyuzi nyembamba, kucha zake zilikuwa zimekwangua na kukwangua mpaka rangi ikaondoka, mbao ikabaki uchi, eneo linaloenea kiganja cha mtoto. Pale ndipo nilipojulia mahali pa kuweka mkono. Unaweka mkono wako pale ambapo mkono wa baba umekula mbao.

Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikuwa anakaa barazani, mgongo kauegemeza ukutani, kichwa kakiinamisha, sikio moja kalielekeza kwangu. Nikimaliza kupiga alikuwa na neno lake moja tu: "Umekimbilia wapi?" Maana alikuwa na wimbo wake mmoja aliouzua mwenyewe, hauna maneno, na katikati yake pana mahali unateremka. Kila mtu akifika pale anateremka mbio. Mimi vilevile. Hajanisifu hata siku moja maishani mwake, Mungu amrehemu. Alikuwa anasema "umekimbilia wapi," nami narudia kutoka mwanzo.

Miaka yake ya mwisho vidole vilikataa. Akanipa gitaa nishuke nalo mjini, akasema mbao isiyopigwa inakuwa bubu. Siku za wiki nikawa nalipiga nyumbani, na Jumamosi nalipeleka mkekani, wenzangu wanalipiga, mimi nasikiliza. Walikuwa wanaligombania. Mkulima alikuwa anawahi gari la kwanza kutoka Dakawa ili aliweke mkononi kabla ya mwalimu. Nilikuwa naona fahari, lakini wivu pia ulikuwepo, siwezi kudanganya. Wenzangu walikuwa hawajawahi kunisikia mimi nikilipiga. Walilijua gitaa la baba kwa mikono yao, kwa mikono yangu hawakulijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakwenda nalo.

Kisha masika yalipoanza baba akafariki, tukamzika Kinole.

Siku ya arobaini tulisoma hitima, watu wakala, kisha wazee wakakaa. Shamba lilikuwa limeshagawanywa kwa sheria ya dini, shehe akiwepo. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, nikapata fungu langu, na shangazi, yaani dada yake baba, akapata lake. Hapo sikuwa na neno. Vilikuwa vimebaki vitu vya mwilini. Sasa kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, lukolo tunauita. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Baba ni wa ukoo wa mama yake, yeye na dada yake na watoto wa dada yake. Mwanamume akifa, jina lake na vitu alivyokuwa akitembea navyo, kofia, fimbo, panga, vinakwenda kwa mtoto wa dada yake, ili mwenyewe asipotee. Hilo nalijua tangu utotoni. Nimeliona kwa wengine na vigelegele nimepiga. Ila haikunijia hata siku moja kwamba gitaa litawekwa fungu moja na kofia.

Nilinyanyuka palepale. Nikasema gitaa ni mali, na mali imeshagawanywa kwa dini, mwiteni tena shehe. Mzee mmoja wa ukoo wa baba akaniangalia, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, tangu lini wewe ukasema gitaa la baba yako ni mali?" Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nawafokea watu kwamba lile si mali, lile ni baba. Kukosa jibu kuliniudhi kuliko jambo lenyewe.

Basi likachukuliwa na mtoto wa shangazi, binamu yangu, kinyozi hapahapa mjini, mtu asiyejua uzi wa juu ni upi na wa chini ni upi. Na halikwenda peke yake. Alivishwa kofia ya baba, akapewa jina la baba, na shangazi akatangaza mbele za watu kwamba kuanzia leo huyu si mwanangu, ni kaka yangu, kisha akanigeukia mimi: na wewe, huyu ndiye baba yako, mwamkie. Nimwamkie shikamoo mtu niliyemfuta kamasi. Mtu niliyembeba mgongoni kutoka mtoni analia kwa sababu kaumwa na siafu. Sisi mabinamu ni watani, tumetaniana maisha yetu yote mpaka watu wanatokwa machozi, na siku ile nilimtazama nione kama anacheka. Hakucheka. Alikuwa amekaa chini ya kofia iliyomzidi, jasho linamtiririka, gitaa kalipakata kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa watu. Shikamoo sikuitoa. Nilichukua mtandio wangu nikashuka mlima.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uani mikono mitupu. Walinipokea vizuri, wakanipa chai. Mwalimu akasema sheria ilegezwe kidogo, huu ni msiba. Nikamkatalia. Sikutaka kupigishwa gitaa kwa kuonewa huruma. Nikakaa nikasikiliza, vidole vinanicheza mapajani vyenyewe, na moyoni nikaona haya ni mateso ya kujitakia. Nikaacha kwenda. Jumamosi nikawa nabaki mezani kwangu, natwanga pilipili manga kwa hasira, na wateja wakaanza kulalamika kwamba nimekuwa na ulimi.

Kilichokuwa kinanipa usingizi ni kitu kimoja tu: alau lipo. Halijauzwa, halijavunjika. Sauti ya baba imo ndani ya mbao ile, iko mtaa wa pili, na siku moja nitaisikia. Nilikuwa nalisema hilo mpaka likanizoea mdomoni. Ndipo ikaja Idd, nikaenda kwa shangazi, ambaye anakaa na mwanawe huyohuyo, nikayaona maua.

"Nani kafanya hivi?" nikauliza.

Binamu akatoka chumbani na kanzu yake mpya, uso umejaa bashasha. Akaniambia kalipeleka kwa fundi wa makochi. Fundi kalipiga msasa lote, katoa madoa, kalipaka vanishi na juu yake vanishi nyingine. "Lilikuwa limechakaa sana, dada," akasema. "Pale mbele lilikuwa na kidonda."

Kidonda. Pale ambapo kucha za baba zilikwangua maisha yake yote ndipo alipopaita kidonda. Nililishusha, nikang'oa yale maua nikayatupa kwenye kochi, nikapitisha kiganja. Laini. Hapakuwa na kitu. Nikagusa uzi mmoja kwa dole gumba. Magitaa mabovu nimeyapiga mengi, la kreti la nyanya nalipiga na nalipenda, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia ikitoka kwenye gitaa. Ilikuwa sauti ya kugonga begi lililojaa nguo. Ubao wa mbele wa gitaa ni mwembamba, ndio unaotikisika mpaka sauti ikatoka. Ukiufunika kwa vanishi nzito ya makochi hautikisiki tena. Umeuziba pua na mdomo.

Nilimpasha. Sikumung'unya maneno. Nilimwambia amemziba baba pumzi, ya kwanza kachukua Mungu na hii ya pili kachukua yeye. Nilimwambia kofia haimpi mtu akili. Nilimwambia na mengine ambayo siku ya Idd hayasemwi, na majirani wakaacha kula wakasikiliza. Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaniuliza, "Unamfokea baba yako?" Nikamwambia baba yangu nimemzika Kinole. Binamu alikuwa anayaokota yale maua moja moja pale kwenye kochi. Pilau yao sikuila.

Jumamosi ile nilirudi uani, kwa sababu nilihitaji watu wa kukasirika nao. Na walikasirika, Mungu awabariki. Mwalimu alishika kifua. Mkulima, ambaye katika kujuana kwetu kote sijawahi kumwona amekunja uso, alisimama akayazunguka mabomba, akarudi akaniuliza huyo fundi wa makochi yuko mtaa gani. Walilililia gitaa lile kama nilivyolililia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikajisikia nina wenzangu.

Mwenye duka akatoa tusi moja refu, tamu, kisha akauliza, "Huyo kinyozi anajua kwamba ana gitaa?"

"Anajua ana pambo," nikasema.

"Basi aje alilaze hapa mkekani. Mwenye gitaa anakaribishwa. Sheria haikusema ajue kupiga."

Nikamwambia akija yeye, mimi siji. Akasema hiyo ni hiari yangu, chai itakuwepo. Wiki hiyo akaenda kwa binamu kunyolewa ndevu, na akiwa pale kitini, povu shavuni, akamkaribisha. Mimi niliapa kwamba sikanyagi. Jumamosi ilipofika nilikuwa wa kwanza kufika.

Alikuja kalifunga kwa shuka. Kofia ya baba kichwani. Akamwamkia mwenye duka, akawasalimia wengine, mimi akanitupia jicho akasubiri, na mimi nikatazama mabati. Akalifungua, akalilaza. Lilivyokuwa linang'aa niliona aibu mbele ya magitaa ya wenzangu. Mwenye duka akamweleza sheria yetu: hili kwa leo huligusi tena, chagua la mwenzako. Binamu akasema hata angeruhusiwa, angeligusa afanye nini. Mwalimu akachukua la mwenye duka, mkulima akachukua la mwalimu, mwenye duka akachukua la mkulima na waya wake wa breki. Likabaki la baba pale katikati.

"Asiyeleta gitaa hapigi," nikasema kabla mtu hajanionea huruma.

"Mimi nimeleta," binamu akasema. "Zamu yangu nampa yeye. Inaruhusiwa?"

Mwenye duka akafikiri, akasema inaruhusiwa.

Hebu ona jambo lenyewe. Miaka yote nimekwenda pale na gitaa la baba, sikuweza kulipiga mbele ya wenzangu kwa sababu lilikuwa langu. Sasa wameninyang'anya, ndipo napewa ruhusa. Na nani anayenipa ruhusa? Nilitaka kunyanyuka niondoke, lakini mikono ilikuwa imeshalishika.

Nikaanza ule wimbo wa baba. Wenzangu waliinamisha vichwa kwa heshima, na hicho ndicho kilichoniuma, wanaheshimu begi la nguo. Kila uzi ulikuwa unaanguka hapohapo miguuni pangu. Sikufika hata pale panapoteremka. Nikasimama, nikasema, "Sikieni alivyolifanya."

Nilitegemea atajitetea nimpate vizuri. Badala yake alikuwa ametoa kofia, ameishika mkononi. "Siyo lenyewe," akasema. Alikuwa anasema na nafsi yake. Akatueleza kwamba shule zikifungwa alikuwa anapelekwa Kinole kwa mjomba wake, yaani kwa baba, na usiku alikuwa analala upande wa pili wa ule ukuta wa baraza, gitaa linamwingia mgongoni mpaka anapitiwa na usingizi. "Nilidhani halitoi sauti kwa sababu sijui kulipiga," akasema. "Nikasema basi alau nimpendezeshe mjomba." Nikamwambia ungeniuliza. Akasema, "Ulikuwa hunisalimii."

Na bado sikupoa.

Wakaanza kujadili kama vanishi ile inatoka. Mwenye duka anauza dawa ya kuyeyushia rangi, na yeye mwenyewe akaikataa, akasema itaingia kwenye gundi gitaa lifumuke. Msasa tena, mwalimu akasema hapana, ubao ulishapunguzwa, utatoboka. Mkulima akasema hiyo ni kukwangua kwa wembe, kidogokidogo, kwa mtu mwenye mkono mwepesi. Tukatazamana. Kisha wote wakamtazama kinyozi.

Nilipinga. Nilisema asiliguse tena, alishalimaliza, anataka kumaliza na mifupa. Mwenye duka akaniuliza gitaa ni la nani. Niliwahi kusikia maswali mengi ya kuudhi katika maisha yangu, lile liliongoza.

Basi Jumamosi zikawa hivyo, mwenye duka akiamua kwamba kukwangua si kupiga. Binamu anakuja na pakiti ya nyembe, anageuza ndoo tupu ya rangi anaikalia, gitaa mapajani, wembe kaubinya katikati ya vidole mpaka umepinda, anakwangua. Unga wa vanishi unamwangukia kwenye suruali. Wenzangu wanapiga, mimi sipigi, maana gitaa la zamu yangu liko mikononi mwa kinyozi, nimekaa mbele yake namlinda kama anayelinda mwizi. Nikiona wembe umekaa vibaya nasema. "Umebonyeza hapo." "Fuata njia ya mbao." Mara moja tu aliinua uso akasema, "Nimenyoa vichwa vingi, sijawahi kunyoa chenye ndugu mkorofi kama hiki." Kicheko kilinijia mpaka kooni nikakimeza. Sikutaka kumpa raha hiyo.

Kiangazi kiliingia, mlima ukawa unaonekana wote mpaka juu, naye bado anakwangua. Akimaliza upande anapitisha kiganja, anapuliza, anaanza tena. Wateja wake walikuwa wanamfuata mpaka pale uani kumlalamikia kwamba Jumamosi hayupo, anawaambia waende kwa mwingine.

Halafu siku moja alikuja akalilaza mkekani bila kutoa nyembe. Mkulima akalifunga nyuzi mpya. Lilikuwa limebaki jeupe jeupe kama ubao wa kukatia mboga, na baya kwa kweli. Nililiinamia nikatafuta pale chini ya tundu, nikijua nitakachokuta. Kucha za baba hazikuwepo. Zile haziwezi kurudi kwa wembe wa mtu yeyote.

"Pale hapajarudi," nikasema.

"Najua," akasema. Akaenda kukaa kwenye ndoo yake.

Nikalipakata. Nikaanza. Nyuzi nene bado zilikuwa na kikohozi fulani, sitasema uongo, lakini zile nyembamba, nilipozigusa, ziliondoka. Zilitoka mkononi zikapita kwenye mabomba, zikagonga mabati, zikarudi. Niliisikia sauti ya barazani kwetu. Nilimsikia baba kabla sijajua kwamba ndiye ninayemsikiliza, machozi yakanijia na mikono ikaendelea yenyewe, nikapita pale panapoteremka, nikapanda tena, nikamaliza. Mwalimu alikuwa ameziba mdomo. Mwenye duka, kwa mara ya kwanza, hakuwa na tusi. Walikuwa wamenisikia.

Nikainua macho. Binamu alikuwa kaegemea mabati, mgongo umelala, kichwa kakiinamisha chini ya ile kofia, sikio moja kalielekeza kwangu.

"Umekimbilia wapi?" akasema.

Nilishikwa na hasira ambayo sijui niielezeje. Mtu asiyejua uzi wa juu na wa chini. Mtu aliyempaka baba yangu vanishi akamchomeka maua ya plastiki mdomoni. Huyo ndiye wa kuniambia mimi nimekimbia. Nilifungua mdomo nimtolee yote ya siku ya Idd na mapya niliyokuwa nimeyaweka, na mkulima akatazama chini, anasubiri.

Lakini nilikuwa nimekimbia. Pale panapoteremka nilikuwa nimeteremka mbio, mkono wangu ulijua, na pale uani pote hakuna mwingine aliyejua isipokuwa yeye.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa hasira ileile.

"Marahaba," akasema. "Rudia."

Nikarudia kutoka mwanzo.